Kisima cha Bi Somoe

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Idrisa zima hiyo simu, bandarini watapakua shehena zao hata bila wewe kwa saa moja. Salma, niinulie mto kidogo. Mustafa, kaa hapo mlangoni nikuone, maana mengi nitakayosema yanakuangukia wewe unayebaki na bustani. Mama yenu atakaa hapa kitandani, na haya yote anayajua, ameyabeba kimya miaka yote kwa ajili yangu. Sikilizeni. Wazee wengi huwaita watoto wao siku kama hii wakajisifu. Mimi nimewaita nijitie aibu, na ninaomba mnivumilie mpaka mwisho, kwa sababu nikinyamaza katikati sina hakika kama nitaweza kuanza tena.

Mali kwanza, ili mioyo yenu itulie. Nyumba hii akae mama yenu mpaka Mungu atakapomwita, asije mtu akaanza kupima vyumba naye yumo ndani. Bustani ya bondeni mtagawana kama dini inavyoelekeza, sheikh yupo, atawapigia hesabu. Lakini ile mikorosho arobaini na miwili ya kule juu hamtairithi. Ile ni thuluthi yangu, ninayo haki ya kuitoa ninapotaka, na nimekwisha kuitoa. Idrisa, usikunje uso. Subiri uambiwe ni ya nini, kisha ukunje ukiwa na sababu.

Ninyi mmekua kisima kipo, hamjui mto Ruvuma ulikuwa ukitutoza nini. Wanawake wa kijiji hiki walichota mtoni, na mamba naye alikuwa akichota wake. Bibi yenu, Bi Somoe, mama yangu mzazi, alishuka asubuhi moja na ndoo mbili, na tulichookota sisi ni ndoo moja iliyokwama kwenye matete. Hatukupata cha kuzika. Nilikuwa na miaka ishirini, na nililia kilio ambacho mwanamume wa kwetu aliyepita jando hatakiwi kulia. Basi nilipopata fedha ya kwanza ya maana kutoka kwenye nyanya, kabla hata sijaezeka bati, nilichimba kisima pale kichwani mwa bustani, pete kumi na moja za zege, nikakitoa sadaka kwa ajili ya mama yangu, na fundi akaandika jina lake kwa kijiti, zege likiwa bichi. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa kijiji hiki aliyechukuliwa na mamba. Na tangu siku hiyo, kila anayechota, kabla hajajitwisha ndoo, husema, "Mungu amrehemu Bi Somoe, amlipe kheri aliyechimba." Mnaijua dua hiyo. Mlikuwa mkitembea vifua mbele kwa sababu yake.

Dua hiyo, wanangu, imekuwa ikinichoma kwa miaka mingi.

Msije mkatoka hapa mkasema baba alilaani bustani. Bustani siilaani. Korosho hulipa mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hata hiyo mara moja hailipi, bali nyanya, bamia na mchicha hulipa kila wiki, na kwa wiki hizo Idrisa ulivaa viatu, Salma ukaenda chuo cha ualimu. Miaka ile ya gesi, mji wa Mtwara ulipojaa wageni, nyanya zilikuwa zikitoka nyanda za juu kwa malori, siku tatu barabarani, zinafika zimeshapondeka zinatoa maji. Mimi ndiye niliyewaonyesha kwamba bonde letu linaweza kulisha mji. Wanawake kumi na wanane walichuma kwangu, na wale ndio waliowanunulia watoto wao sare bila kwenda kumpigia magoti mume. Hayo ni mema, na nayajivunia hata leo nikiwa sina nguvu ya kujifukuzia nzi.

Kisha akaja yule mdudu wanayemwita kantangaze. Mliona wenyewe, bustani nzima imekauka kwa siku nne, utadhani imepitiwa na moto. Sasa mkulima wa Mtwara akiona mdudu anakimbilia wapi? Anakimbilia stoo, kwenye dawa ya mikorosho iliyobaki msimu wa kupuliza. Salfa ipo, dawa ya maji ipo, umeshainunua, kwa nini uitupe? Lakini mkorosho ni mti, unaupuliza leo, korosho yake unaila baada ya miezi. Nyanya sisi tuliipuliza jioni tukaichuma kesho kutwa. Kwenye kibandiko cha dawa kuna kipimo, mimi nilipimia kikombe cha chai, na ikionekana mdudu bado anacheka naongeza kikombe. Nyanya zikawa zinang'aa. Sokoni wakawa wanauliza, "Za bondeni zipo?" Na jioni, wanawake wakishachota wakaondoka, nilikuwa naliosha bomba la kupulizia palepale kwenye sakafu ya kisima, kwa sababu maji yako karibu na mimi nimechoka. Sakafu ilikuwa na ufa. Niliuona ule ufa. Nikasema, nitauziba Jumamosi.

Mtaniuliza kama nilijua. Hapa ndipo pagumu, Salma, nishike mkono.

Mnalikumbuka tuta la nyumbani? Lile la nyuma ya jiko, mlilokatazwa msichanganye mboga zake na nyingine. Mliambiwa ni la mama yenu, la mboga za kienyeji. Wanangu, lile ndilo tuta pekee ambalo bomba langu halikuwahi kufika. Mama yenu ndiye aliyelianzisha, akaniambia, "Hizo za bondeni wapelekee hao wa mjini, wangu hawali," nami sikubishana naye. Mtu asiyejua hatengi tuta. Salma, umeolewa Shangani ya Mtwara mjini, majirani zako pale ufukweni wakinunua nyanya zangu za kung'aa kwa ajili ya watoto wao, nawe kila Ijumaa ukija kujaza kikapu chako nyuma ya jiko. Nilikuwa nakuangalia unavyozipangusa kwa upande wa khanga, nikashindwa kukutazama usoni. Nilijua, mwanangu.

Mzee Rashidi alikuwa wa kwanza kusema. Mnadhani ugomvi wetu ulikuwa wa mpaka wa shamba, lakini mpaka nilitunga mimi. Rashidi tuliingia jando siku moja, tukatoka siku moja, na ndugu wa jando humkosei kwa jambo dogo. Bata wake kumi na wawili walikunywa maji yaliyotuama chini ya sakafu ya kisima, jua halijazama wote wamelala miguu juu. Akaja na mmoja mkononi, akanionyesha mbele za watu. Nikacheka. Nikasema bata wa Rashidi wamekufa kwa uroho kama mwenyewe, na watu wakacheka nami, kwa kuwa mwenye kisima cha sadaka hata utani wake husikika mtamu. Alitupa yule bata miguuni pangu akaondoka. Mwaka huohuo nikajenga tangi hili la maji ya mvua hapa uani. Nikawaambia ni kumpunguzia mama yenu safari. Hata maji aliyoninywesha Salma sasa hivi ni ya tangi.

Kisha Farida, binti wa Rashidi, mimba zikaharibika, moja, halafu ya pili. Sikuambiwa na daktari kwamba ni maji, na ninyi msiseme nilisema hivyo. Ila kijiji kilisema ni baba yake anamroga, wakakaa barazani wakalijadili jambo hilo huku wakikata miwa, nami nilikuwa katikati yao nikatafuna muwa wangu. Neno moja tu lingetosha. Neno moja, "Jamani, tupime kwanza maji." Sikulisema, na yule mzee mpaka leo akipita watoto hukimbia.

Mustafa, kohozi... lete kitambaa. Haya.

Mnamkumbuka Jesca, yule bibi shamba mtumishi kutoka bara, aliyekuwa akija na pikipiki na kofia kubwa? Yule binti aliona madumu ya dawa ya mikorosho bustanini akaniuliza maswali, nikamjibu kwa jeuri, naye hakukasirika, akachukua maji ya kisima kwenye chupa. Baada ya wiki tatu alirudi, akakaa hapo ulipokaa wewe Idrisa. Akasema, "Shikamoo mzee. Haya maji si ya kunywa, mzee wangu. Twende wote kwa mwenyekiti." Nikamwambia, "Niachie, binti yangu. Aliyechimba ndiye wa kusema." Nilisema kwa sauti ya mtu mzima mwenye heshima zake, akaniamini. Akanionyesha pa kuoshea bomba, mbali na maji, akanifundisha siku za kungoja kabla ya kuchuma, akanieleza ni dawa ipi ya mboga na ipi ya miti. Wala haikuwa elimu ngumu. Mwezi uliofuata akahamishwa. Akanipigia simu kutoka huko alikopelekwa. "Mzee, ulishawaambia?" Nikasema, "Nimeshawaambia, mwanangu." Akasema, "Mungu akubariki sana, mzee." Nikaitikia amina.

Hiyo ni misimu mitatu iliyopita. Bomba nikaacha kuliosha pale, ufa nikauziba, nikajiambia maji yatajisafisha yenyewe. Lakini kuwaambia watu sikuwaambia. Niliogopa, wanangu. Sikuogopa kifungo, wala hasara ya nyanya. Niliogopa siku ambayo mwanamke atajitwisha ndoo asitaje jina la mama yangu. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, nasi tulikuwa tukidhani wanasema juu ya mashimo ya maadui.

Sasa sikilizeni maagizo, sauti inakatika.

Mikorosho arobaini na miwili muiuze. Kwa fedha yake kichimbwe kisima kingine kule juu karibu na shule, mbali na kila tuta, na kabla mtu hajanywa, maji yapimwe. Kikipatikana, jina la mama yangu msiliandike. Libaki zege tupu. Idrisa, naona uso wako sasa haujakunjika. Mungu akuzidishie.

Mustafa, bustani usiiache. Ukiiacha, wale wanawake kumi na wanane watakula nini, na mji utarudi kungoja malori. Ilime. Lakini tuta la nyumbani livunje. Leo hii. Bondeni kote kuwe tuta la nyumbani, kile usichoweza kumlisha mwanao usimpimie mtoto wa mwenzio. Nyanya zitakuwa chache, nyingine zina matundu, na mara ya kwanza sokoni watakucheka. Wacha wacheke. Mtafute Jesca, namba yake imo kwenye daftari langu la kijani. Mwambie nilimdanganya.

Mzee Rashidi aitwe. Kama atakubali, ashike jeneza upande wa mbele. Kama hatakubali, msimlaumu, mwambieni tu kwamba nilisema bata wake hawakuwa na uroho. Na Farida... Salma, wewe nenda kwa Farida. Mwanamke anajua pa kuanzia. Mimi sipajui.

Na kule makaburini, nikishafukiwa, atasimama Idrisa aseme kama kawaida yetu, "Anayemdai marehemu ajitokeze." Watu watanyamaza, maana sidaiwi hata kilo ya sukari, na watasema, mtu mwema huyu, kaondoka mweupe. Msiwaache wakatawanyika na maneno hayo. Usikae chini, Idrisa. Waambie wewe, "Baba anadaiwa maji na kijiji kizima." Waambie yote, bata, bomba, tuta, chupa ya Jesca, na miwa. Utaona haya. Ni aibu yangu ninakurithisha, mwanangu, na ninajua ni urithi mbaya, ila mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nataka niumbuliwe na wanangu, kwa mdomo unaonipenda.

Nipangusie jasho... Basi.

Mungu awape riziki isiyofichwa. Awape watoto watakaokula sahani moja na majirani. Salma, Mungu akulinde wewe na walio mgongoni mwako. Idrisa, akupe ulimi usioogopa. Mustafa, akutilie baraka mikononi, kila unachopanda... kila unachopanda kikuoneshe uso mweupe. Mama watoto, wewe nisamehe. Tulikosa wote wawili, lakini mwenye bomba nilikuwa mimi. Radhi zangu nimewapa, sikubakiza.

Saa ngapi sasa?

Alasiri imeadhiniwa? Kumbe. Nyamazeni kidogo. Mnasikia? Kapi linalia. Wameshakuja kuchota. Ni sauti ya Farida ile, ndiyo... anamtaja mama yangu. Ananiombea mimi.

Mustafa, inuka. Usingoje nife. Chukua yale mabati nyuma ya jiko, na mawe, kata ile kamba. Idrisa, fungua geti, waambie waingie uani wachote kwenye tangi letu, wote, mpaka likauke, likikauka mkalete mengine kwa pikipiki. Wakiuliza kwa nini, wajibuni.

Mnanitazama nini? Macho yangu mtayafumba baadaye. Kafunikeni kisima kwanza.