Kopo la Merle Tostrud Likinyamaza

Ting. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza niliyoisikia siku nilipoanza kazi katika klabu ya besiboli ya Korongo, na mpaka leo haijanitoka kichwani: ganda la mbegu ya alizeti likiangukia ndani ya kopo tupu la kahawa. Ting, kimya kidogo, ting. Nilidhani paa linavuja. Paa lilikuwa linavuja kweli, lakini upande mwingine wa ofisi. Sauti ile ilitoka mezani kwa Merle Tostrud, Mkurugenzi wetu wa Wachezaji, ambaye leo Ijumaa, tarehe 28 Februari, anastaafu baada ya kuitumikia klabu hii kwa miaka thelathini na mitatu.

Merle alikuja katika mji wetu huu wa Brandt akiwa mdakaji aliyechoka magoti. Klabu ikamwambia hatadaka tena, naye akasema sawa, ila haondoki. Akapewa rangi nyeupe achore mistari ya uwanja. Akaendesha basi la timu, akauza tiketi, akakaanga soseji siku ambayo mkaangaji alikwenda kuoa. Mwishowe mtu fulani aligundua kwamba kila mchezaji mwenye shida huishia kuongea na mchora mistari, ndipo wakampa meza, simu na wachezaji wote.

Ligi yetu ni ndogo, wala hakuna klabu kubwa inayotuletea vijana. Kila mchezaji lazima atafutwe, abembelezwe, au abadilishwe na mwingine. Watu wa mjini hudhani kwamba msimu ukiisha Septemba sisi hulala mpaka theluji iyeyuke. Merle hushikilia kwamba besiboli yenyewe huchezwa majira ya baridi, kwa simu, na watu wazima waliovaa soksi za sufu.

Aliicheza kwa mtindo wake. Aliwahi kumtoa mrushaji mmoja ili apate basi, basi likaja bila viti, akaongeza magongo sita ndipo viti vikafuata. Mwaka mwingine alimpeleka mpigaji wetu Iowa kwa makubaliano ya kupewa mchezaji atakayetajwa baadaye. Huo ni utaratibu wa kawaida katika biashara yetu: mmoja anaondoka leo, na jina la atakayemfidia linatolewa baada ya wiki au miezi. Wiki zikapita, watu wa Iowa wakamtaja mchezaji wao, naye akawa ni yule yule mpigaji wetu. Alirudi Brandt na sanduku lake akisema hakujua kama thamani yake inalingana sawasawa na yake mwenyewe.

Hadithi ya wiki ya saladi ya viazi siwezi kuiruka. Timu nzima iliila Orrin, mji jirani, na kesho yake nusu ya wachezaji walikuwa hawawezi kwenda mbali na choo. Kanuni inataka idadi fulani ya wachezaji benchi, la sivyo mechi inapotea. Merle, aliyekuwa karibu na miaka sitini, akajisajili mwenyewe, akavaa jezi ya mtu aliyemzidi kimo na kukaa. Mchezo ukakaza, ikabidi apige. Mpira wa kwanza ukamgonga kwenye tako la kushoto, na kwa kanuni akapewa beisi ya kwanza. Aliikimbilia kama mtu aliyebeba ndoo ya maziwa. Hakupiga tena maishani. Kwa hiyo katika kumbukumbu za ligi Merle Tostrud ni mpigaji ambaye hakuna mrushaji aliyewahi kumtoa mchezoni.

Tangu hapo, kila majira ya baridi tulipopeleka ligi majina ya wachezaji tunaoendelea kuwashikilia, jina lake lilikuwa la mwisho. Ukimwomba alifute, alikuwa akijibu kwamba klabu yenye akili haimwachi mtu ambaye hajawahi kutolewa. Tulicheka, na ligi ikapiga muhuri.

Sasa nije kwa Gus Kalivas, maana hakuna anayeweza kumwelezea Merle bila kumtaja Gus. Gus ni mwenzake wa klabu ya Nyati ya Orrin, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Wamepigiana simu kila majira ya baridi tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Na katika simu hizo, Gus ndiye aliyekuwa akishinda. Merle aliwabana watu wa Iowa, watu wa Dakota, hata yule mama wa Nebraska anayeogopwa na ligi nzima, lakini akiongea na Orrin aliweka chini simu akiwa amempoteza mtu mzuri na kupata mwenye goti bovu. Mimi nimesomea takwimu. Nilitumia majira mawili ya baridi nikitafuta sababu kwa hesabu, na hesabu zikaniambia, kwa uhakika mkubwa, kwamba ni bahati mbaya.

Desemba iliyopita tulikwenda kwenye mkutano wa ligi, ambao huanza kwa karamu ya samaki ya Ijumaa kama kila jambo la maana jimboni Wisconsin. Nilipita karibu na meza ya Gus nikiwa na sahani mkononi. Akanipa glasi yake tupu na kuniomba brandi nyingine, akidhani mimi ni mhudumu. Nilikuwa karibu kumsahihisha, lakini nikamsikia akimwambia jirani yake:

“Tostrud? Yule simsikilizi maneno, ndugu yangu. Nalisikiliza kopo lake. Likilia, bado anabisha. Likinyamaza tu, ujue ameshakubali moyoni. Hapo unakaza.”

Nikamletea brandi. Nikamwongezea na limau, maana nilitaka asikie raha aendelee.

Wakati wa kurudi Merle aliendesha gari. Nilimweleza yote, nikaogopa kwamba nimemvunja moyo. Tulipoliona tangi la maji la Brandt, akasema kumbe miaka yote hii alikuwa anacheza karata huku amezigeuzia upande wa Gus. Kisha akauliza kama Gus alinipa bakshishi. Alinipa. Tukasimama dukani, tukanunua jibini kwa bakshishi hiyo.

Habari hiyo ilimkuta Merle akiwa na jambo zito rohoni, nalo ni Teo Barrientos, mrushaji wetu. Teo ana miaka kumi na tisa na hurusha mpira kama mtu anayeutuma kwa posta ya haraka. Majira ya kuchipua alipasuliwa kiwiko, na daktari akasema mkono ule upewe kazi kidogo kidogo, kwa hesabu, mpaka katikati ya kiangazi kijacho. Siku ya kusaini, mama yake hakuusoma mkataba. Alimtazama Merle na kumuuliza ni nani atakayehesabu mipira ya mwanawe. Merle akajibu, “Mimi, mama.”

Gus alikuwa anamtaka Teo, na Gus hahesabu. Vijana waliokwenda Orrin na mikono mizima tumewaona wakirudi wakifunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Lakini sisi nasi tulikuwa na shida. Msimu uliopita mlinzi wetu wa beisi ya kwanza alishika gongo kama anayepunga nzi, na Gus alikuwa na Duane Vander Kolk, bonge la mtu anayepiga mipira mpaka kwenye maegesho ya magari. Bei ya Vander Kolk, Gus alikuwa ameshaitaja, ni Teo.

Simu ililia Januari, theluji ikiwa imefika dirishani. Nilikaa mbele ya Merle. Gus ana sauti ya mtu anayeita ng'ombe, hivyo nilimsikia vizuri. Merle alitoa mdakaji wa akiba. Ting. Gus akacheka, akamtaja Teo. Ting. Merle akasema angeweza kuongeza mchezaji atakayetajwa baadaye. Ting. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alifunga mfuko wa mbegu, akautia kwenye droo, akaegemea kiti na kutazama dirishani.

Kopo likanyamaza. Nilisikia mpaka bomba la maji ya moto ukutani.

Upande wa pili Gus akaanza kuongea haraka, kama mtu anayeona mlango unafunguka. Merle akamwambia kwa upole, “Sema masharti wewe, Gus.”

Gus akayasema. Vander Kolk aje Brandt mara moja. Mdakaji wa akiba aende Orrin. Kisha Korongo wataje mchezaji mmoja kabla Merle hajastaafu, kwa sababu yeye Gus hana hamu ya kumalizia biashara na yule binti wa mahesabu, yaani mimi. Jina lisisemwe sasa, magazeti yasije yakapiga kelele.

“Yeyote kati ya wale tunaowashikilia?” Merle akauliza.

“Yeyote, rafiki yangu. Si tunaelewana?”

“Nimekusikia,” Merle akasema, akaweka simu chini. Akafungua droo, akatoa mbegu moja. Ting. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa safari hii, Vander Kolk mwenyewe, ulifika siku ya tatu na mabegi manne na mbwa.

Ilibaki kumtaja mtu. Gus alianza kupiga simu kumuulizia Teo kama anayeulizia mzigo wake stesheni. Wakubwa wetu nao wakaanza kudokeza kwamba majirani ni watu wa kuridhishwa. Merle alifikiria kumtoa Pruitt, mlinzi wetu wa uwanja wa nje upande wa kushoto, lakini Pruitt amenunua nyumba hapa Brandt na mkewe ni mjamzito, na kila alipotaka kulisema jina hilo Merle aliishia kukohoa. Mwanzoni mwa wiki hii aliniita. Kwa kuwa Jumatatu ni mimi nitakayekaa kwenye kiti chake, alisema, kazi ya kutaja ni yangu.

“Wewe ndiye utakayeishi na simu za Gus, mwanangu. Taja unayemtaka. Ila si Teo.”

Nilirudi mezani kwangu nikayatazama majina tunayoyashikilia mpaka yakaanza kunitazama. Bado nilikuwa hapo mke wa Merle, Bi Ardis, alipokuja na keki ya karoti kwa ajili ya ofisi. Akanivuta pembeni karibu na mashine ya kahawa. Alisema anampenda mumewe, hilo lisiwe na shaka, lakini ana wasiwasi na Jumatatu.

“Juzi kachukua viti vyetu viwili vya barazani kampa jirani,” akaninong'oneza. “Kapewa ngazi, na kiti kitakachotajwa baadaye. Huyu akikaa nyumbani mpaka Pasaka, mwanangu, atanibadilisha na jiko.”

Basi, Merle, kabla ya hotuba za wakubwa na kabla Vander Kolk hajaimaliza keki, sisi wenzako tunakushukuru. Tunakushukuru kwa mistari iliyonyooka, kwa basi lenye viti, kwa kila kijana uliyempeleka mwenyewe stesheni ulipolazimika kumwacha, ukamnunulia chakula cha njiani na kusubiri mpaka basi lipotee. Wengi huandika barua za kuwaacha watu. Wewe uliwaaga. Tunakuombea magoti yasiyouma wakati wa baridi, uzee wenye vicheko, na majirani wasiojua bei ya vitu vyao. Kopo umeniachia mimi, nami nimeanza kujifunza kula mbegu. Mipira ya Teo nitaihesabu humo, ganda moja kwa kila mpira, na mama yake nimeshamwambia.

Lakini huko Orrin pia kuna vijana wenye mikono, na hakuna anayewahesabia. Kwa hiyo jana asubuhi niliipigia simu ofisi ya ligi, nikamtaja mchezaji wetu. Karani aliniomba nirudie jina, nikarudia: Merle Tostrud, mpigaji, hajawahi kutolewa. Alitafuta, akalikuta mahali pake, mwisho kabisa, na muhuri wao juu yake. Akaidhinisha. Unatakiwa Orrin mazoezi yakianza, siku mbili kwa wiki, na Bi Ardis ameshakufungia chakula cha mchana moyoni mwake. Ndiyo maana amekushika mkono hivyo hapo meza ya mbele.

Kisha nikampigia Gus. Nilimsomea masharti yake mwenyewe, polepole, moja baada ya jingine, halafu nikamtajia jina. Nikamweleza kwamba mtu huyu anakuja na kazi moja tu, kuhesabu mipira ya vijana, na akiona imezidi, atasema.

Gus hakujibu. Nilingoja. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, upande wa Orrin ulikuwa kimya kabisa, nami nilishafundishwa maana ya kimya cha namna hiyo. Nikamshukuru kwa biashara nzuri, nikakata simu.