Dada wa Dirishani na Shujaa Anayekufa Kila Mara

Mgeni rasmi, ambaye ni Mkurugenzi wa kampuni inayotuletea filamu; meneja wetu; na nyote mlioacha shughuli zenu:

KARIBU
Sisi wafanyakazi wa ukumbi huu wa sinema tunakukaribisha kwa mikono miwili. Viti vya mbele tumevifuta mara mbili. Vya nyuma havikuhitaji, havijakaliwa tangu sehemu ya kumi na moja ya filamu yenu.

TULIKOTOKA
Sehemu ya kwanza ya shujaa wa joho la kijani ilipokuja, foleni ilizunguka jengo na mlango wa kioo ulipasuka. Watu walishangilia mpaka wakapanda juu ya viti.

MAFANIKIO
Leo tuko sehemu ya kumi na nne. Mwendesha mtambo husinzia, na bado anajua dakika ya kuamka. Mfagiaji humaliza safu za nyuma filamu ikiendelea, na hakuna wa kumwambia, "Jamani, unanizibia!"

CHANGAMOTO
Mteja aliyekosa sehemu tatu haelewi kitu. Meneja akaagiza: anayeuliza aelezwe, asipotee. Kazi hiyo akapewa dada yetu wa dirishani, anayekata tiketi kwa mwaka wa tisa sasa. Alizikariri sehemu zote kama mtu wa mtihani, akabandika pembeni ya kioo orodha ya nani kafa na nani kafufuka.

Jumamosi iliyopita alikuja mzee mmoja na wajukuu wake.

"Mwanangu, huyu si tulishamzika?"

"Mlimzika sehemu ya nne, baba. Ya tano akafufuka. Ya tisa akafa tena, ya kumi karudi na pacha wake."

"Makubwa! Na leo?"

Dada akaitazama foleni. Wote wametega masikio. Hajawahi kumdanganya mteja.

"Leo anakufa, baba. Ila mwishoni kaburi linatikisika."

"Basi atatukuta nyumbani," mzee akasema, akawageuza wajukuu. Foleni nzima ikamfuata kama watu wanaotoka msibani.

Jumatatu dada akapewa barua ya kusimamishwa: amehujumu filamu. Tumeambiwa hatima yake utaiamua wewe, leo hii, kabla hujaondoka.

Mgeni rasmi, yanayofuata hayakuwamo kwenye nakala aliyoipitia meneja asubuhi. Tunamwomba asisimame kwanza.

OMBI
Dada hakuhujumu kitu. Alitii agizo. Waliochoka ni watu, naye aliwajibu walichouliza. Tuletee hadithi nyingine, hata ya mtu asiyejua kuruka, mradi iwe na mwisho.

Na yeye mrudishe. Sasa hivi yuko nje ya geti. Mlinzi, ambaye ni mwenzetu, kaamriwa asimfungulie, na anamkatalia huku anatazama chini.

Tena katika kueleza mwisho wa filamu hakuwa peke yake. Muuza bisi aliwaeleza wateja mlangoni, mwendesha mtambo akawaeleza ngazini, na anayekusomea risala hii aliwaeleza hata kwenye foleni ya choo. Kama hilo ni kosa, tunaomba kila mmoja apewe barua yake. Majina yetu yako nyuma ya karatasi hii, kwa wino, ili usipate taabu ya kutuuliza.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama uendako, na akupe neno la kumwambia dada yetu utakapopita hapo getini.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Ukumbi wa Sinema, waliomo ndani na aliye nje.