Jicho la Musembi Kwenye Sahani

Enzi hizo, kabla daraja halijajengwa, tulikuwa tumeshavuka Kilifi kwa feri, tumesimama upande wa Mnarani tukingoja basi letu la Mombasa lishushwe. Musembi, mvuna chumvi wa Gongoni, alikuwa akienda hospitali kutolewa mtoto wa jicho, naye alikuwa na hofu tele.

"Mama, nasikia wanaling'oa jicho, wanaliweka kwenye sahani, wanalisugua, halafu wanalirudisha," alimwambia bibi mmoja wa Ganze, aliyevaa miwani minene kama vitako vya chupa.

"Nani kakwambia? Mimi Kadzo nimepasuliwa mwaka jana, na jicho halikutoka mahali pake. Nilidungwa sindano ya ganzi, nikawa namsikia daktari akiulizia chai yake."

"Na wakilirudisha kinyume?"

"Basi utaona yaliyomo kichwani mwako, mwanangu. Hutakawia kumaliza."

Nilikohoa kuficha kicheko. Basi letu likashushwa, likasimama sambamba na jingine lililokuwa likingoja kuvuka kwenda Malindi. Musembi alikuwa amekasirika. Akasema yeye anaona vizuri tu, daktari atafute macho mengine, na basi la Malindi ndilo lake. Akaaga kwa heshima, akapapasa mlango uliokuwa karibu, akapanda, akaketi.

Lilikuwa basi letu. Tena kiti kilekile alichokalia tangu asubuhi.

Nilifungua kinywa nimwite. Bi Kadzo akanibana mkono.

"We, nyamaza," akaninong'oneza. "Si amesema anaona vizuri?"