Asubuhi Mbili za Siku Moja

Kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege wa Incheon, Mi-ran alimsikia bibi wa siti ya mbele, aliyepakata samaki wakavu wa tambiko, akimlalamikia kijana aliyekaa naye.

"Karibu kilomita elfu kumi hadi Los Angeles! Saa kumi na moja angani! Leo jioni mwanangu anamtambikia baba yake, mimi nitakuta vyombo vimeoshwa."

"Utawahi, bibi. Unaondoka leo alasiri, unafika leo asubuhi."

"Usinichezee, mjukuu wangu. Asubuhi ya leo nimeshaimaliza."

"Kule hawajaianza."

Bibi akawakumbatia samaki wake. Nyuma yao, Mi-ran akaacha kutafuna biskuti yake.

"Kwa hiyo mume wangu alipokata roho hapa, ile saa sita mchana," bibi akasema taratibu, "kwa mwanangu ilikuwa bado jana? Baba yake yu hai?"

Basi liliposimama, kijana alikuwa bado anahesabu saa kwa vidole.