Ngoma ya Vifungo Vitano Ilirudije?

Benchi letu kwa kweli si benchi. Ni viti vitatu vya sinema vilivyounganishwa kwa chuma kimoja, vya safu ya mbele, ambavyo halmashauri ilivitoa ukumbini kwa kuwa vimechakaa. Viliwekwa nje visubiri gari la kuja kuvichukua, na gari hilo bado linakuja. Sisi tukavivusha barabara, tukaviegemeza kwenye ukuta wa karakana ya Pedali, fundi baiskeli, vikitazamana na mlango wa ukumbi vilikotoka. Kiti cha kati kimegoma kufunguka, kwa hiyo wa kwanza wawili hukaa kama watu, wengine hukalia ndoo zilizogeuzwa. Hapo ndipo muuza kahawa anapotua birika lake tukanywa, na hapo ndipo tunapobishana, na ubishi ni uleule tangu tulipokuwa na nywele.

Ubishi wenyewe unahusu bendi. Vifungo Vitano walikuwa vijana watano wa makoti meupe, na kabla hawajasambaratika kila mtu na njia yake, waliacha nyimbo nyingi na filamu moja ya kuchekesha, *Ngoma Imetoroka*. Wanakwenda kupiga harusini, ngoma yao kubwa inapakiwa kwa makosa kwenye lori la dobi, nao wanaikimbiza mji mzima. Mwisho wanakwenda kuripoti polisi, na polisi anawaandikia taarifa ya ngoma iliyopotea juu ya meza ya duara. Meza hiyo ndiyo ngoma. Wanamshukuru, wanaondoka. Lakini wimbo wa mwisho unapoanza, kule harusini, ngoma inalia. Basi ngoma ilirudije?

— Polisi mwenyewe aliirudisha, alisema Pedali siku hiyo, huku akizamisha mpira kwenye beseni kutafuta tundu. Kwa baiskeli.

— Baiskeli gani? aliuliza Wakili.

Wakili hajawahi kuwa wakili. Alikuwa mwita mashahidi mahakamani, kazi ya kutamka jina la mtu mara tatu mlangoni. Mengine yote aliyapata kwa kusikiliza.

— Ile iliyo nyuma ya mlango wa kituo. Breki za vyuma, keria pana. Keria ile inabeba ngoma bila hata kamba.

— Wewe hata kwenye filamu ya baharini utaona baiskeli. Ndugu yangu, ngoma ilikuwa kielelezo. Kielelezo hakitoki kituoni mpaka kesi iishe. Ngoma ilitoka kwa dhamana.

— Ikadhaminiwa na nani?

— Na ndugu zake. Zile ngoma ndogo mbili.

— Ngoma ndogo zina kitambulisho?

— Zina makazi ya kudumu. Inatosha.

— Basi mimi naongeza, alisema Pedali. Yule polisi ndiye baba wa bibi harusi. Ndiyo maana hatumwoni baba harusini. Aliivaa sare njiani, akamficha binti ndani ya ngoma asitoroke...

— Sasa bibi harusi yumo ndani ya ngoma?

— Ulimwona mahali pengine?

Hapo kwa kawaida Kandili huingilia. Kandili ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya sinema ukumbini, na katika mambo ya filamu hiyo tulimchukulia kama mahakama ya rufani. Lakini siku hiyo alikishika tu kikombe kama anakipima joto.

— Una nini, bwana? nilimuuliza.

— Jumatatu ukumbi unakabidhiwa bohari, alisema. Watahifadhia viti vibovu.

— Vibovu vya wapi?

— Vya ofisi zao.

Wakili aliweka kikombe chini.

— Yaani walitoa viti vibovu ukumbini ili wapate nafasi ya kuweka viti vibovu?

— Vile vilikuwa vibovu vya utamaduni. Hivi ni vibovu vya utawala. Sikilizeni. Nimeomba nionyeshe filamu Jumamosi, mara ya mwisho. Mkanda ninao, mashine nimeitia mafuta. Afisa Utamaduni anakuja hapa leo kunipa jibu. Jamani, nimemwahidi mama watoto.

Pedali aliuacha mpira ukaelea wenyewe. Mke wa Kandili tunamwita Mama Tiketi, kwa kuwa ndiye aliyekaa kwenye dirisha la tiketi. Kanuni ilitaka dirisha liwe na mtu mpaka filamu ikaribie kwisha, endapo atatokea mteja wa kununua dakika za mwisho. Mteja huyo hakuwahi kuzaliwa. Hivyo Mama Tiketi aliisikia *Ngoma Imetoroka* yote kupitia ukutani, vicheko, makelele na nyimbo, na aliingia ndani wimbo wa mwisho tu, akacheza na wenzake, taa zikawashwa. Alimkataza mumewe asimsimulie hata kipande. Alisema ataiona mwenyewe siku moja.

— Na sasa goti lake limeanza kuchagua, alisema Kandili. Leo linakataa ngazi, kesho sijui litakataa nini. Nataka akae kitini, mwanzo mpaka mwisho, kama mtu aliyelipa.



Afisa alifika kahawa ikiwa nusu birika. Alikuwa dada wa makamo ya binti zetu, funguo za ukumbi zikining'inia kidoleni.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanetu. Karibu kiti. Sio hicho, hicho hakifunguki.

Alikalia ndoo bila kinyongo, jambo lililompandisha sana machoni petu.

— Mzee Kandili, ombi lako ofisi haina shida nalo. Shida ni maelezo. Filamu haiwezi kuonyeshwa kwenye jengo la umma bila ofisi kujua inasema nini. Mwanzo, kati na mwisho. Nisimulieni, nikaandike, niwape funguo.

Tulicheka kwa furaha. Kumwomba mtu wa kijiwe hiki asimulie *Ngoma Imetoroka* ni kumwomba samaki aogelee. Pedali aliigiza lori la dobi kwa beseni. Wakili alimwigiza yule mnene wa tarumbeta, ambaye kifungo chake cha tano hakikuwahi kufunga, akilikimbilia huku akishikilia tumbo. Kandili alikuwa nesi anayeifunga tarumbeta bendeji. Tulipofika kwa polisi na meza yake ya duara, tulipaza sauti sote wanne, ya Pedali ikizishinda zote:

— Hiyo hapooo!

— Ukumbi mzima unapiga kelele hivyo, Kandili alimweleza. Kila mara. Na wao hawasikii.

Afisa alifuta machozi ya kicheko kwa mgongo wa mkono.

— Sawa. Halafu?

— Halafu wimbo wa mwisho. Ngoma inalia, watu wote wanasimama.

— Watu wa harusini?

— Watu wa hapa. Sisi.

— Na kwenye picha?

— Kwenye picha... alianza Pedali, akamtazama Wakili.

— Kwenye picha nao wanaendelea, alisema Wakili.

— Ngoma tuliiacha chini ya kiwiko cha polisi. Harusini inaingiaje?

— Kwa baiskeli!

— Kwa dhamana!

— Wazee, sijauliza mnadhani nini. Mliona nini?

Pedali aliweka beseni chini.

— Mimi nilikuwa safu ya mbele, alisema Pedali taratibu. Wimbo ukianza, safu ya mbele tunageuka tunawatazama wa nyuma. Ndivyo ulivyochezwa tangu siku ya kwanza.

— Yaani mlilipa pesa mkaipa filamu mgongo?

— Wa nyuma walikuwa wanaiona.

— Wa nyuma ni nani?

— Mimi, alisema Wakili. Mimi nilimwona Pedali.

Tukageuka wote kwa pamoja kumtazama Kandili.

— Wewe! Pedali alimnyooshea pampu. Wewe ulikuwa kwenye mashine!

— Mashine ilikuwa kwenye mashine. Mimi nilikuwa nimeshateremka.

— Ukaiacha peke yake?

— Dirisha la tiketi lilikuwa limefungwa, mwenyewe ameshaingia kucheza. Ningebaki juu kufanya nini?

Afisa alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu mayai yaliyopasuka.

— Miaka yote hii mnaipenda filamu, mnaibishania, na hakuna anayejua inaishaje?

— Wewe mwanetu umeolewa? aliuliza Wakili.

— Nimeolewa.

— Unajua inaishaje?

Alicheka, akajizuia, akakumbuka ofisi.

— Siwezi kuandika "mwisho haujulikani". Mkuu wangu atasema yasiyojulikana ndiyo hatari zaidi. Basi nitakuja kuiangalia mwenyewe Jumamosi, niandike nilichoona, na Jumatatu funguo ziende bohari. Ila kwa sharti moja. Wimbo wa mwisho, hakuna kusimama.

— Hakuna kusimama kwa mujibu wa sheria ipi? aliuliza Wakili.

— Kwa mujibu wa hizi, alisema, akazitikisa funguo.

Jumamosi mchana tulilivusha benchi barabara, kinyumenyume, tukalirudisha lilikotoka. Matundu ya parafujo sakafuni yalilipokea kama hayajawahi kuachana nalo. Pedali alikipiga kiti cha kati kwa nyundo ya mpira, na kwa mara ya kwanza tangu tukijue, kikafunguka. Hapo ndipo Mama Tiketi alipokaa, safu ya mbele, katikati kabisa, mkoba mapajani. Watu walijaa mpaka ukutani, na wengi wao walikuwa na wajukuu.

Alianza kucheka kabla yetu. Kila kichekesho alikijua kwa masikio, akawa anakitangulia kidogo, kisha anatulia kuona sura yake ikoje. Lakini tulipofika kituoni, ukumbi uliponguruma "Hiyo hapooo!", yeye alishika mdomo.

— Kumbe! alisema kwa sauti iliyofika nyuma. Kumbe ndiyo hiyo!

Alikuwa ameisikia kelele ile ujana wake wote bila kujua ni nini kiko wapi.

Kisha wimbo wa mwisho. Ngoma ilipiga mara mbili, kama inavyoanza siku zote. Tulikaa. Wakili alikumbatia kiti chake. Miguu ya Pedali ilikuwa imeanza safari bila yeye. Mpigo wa tatu ulipoingia, nilisikia funguo zikilia, nikatazama: Afisa Utamaduni alikuwa amesimama, amegeuka kututazama, mikono juu, na hakuna aliyemfundisha.

Baada ya hapo sharti lilikuwa la nani? Ukumbi mzima ulipanda viti. Kandili aliteremka ngazi kama kijana, akaja mpaka mbele, akamnyooshea mkewe mkono.

— Toka hapo, Mama Tiketi alimwambia. Unanizibia.

Jumatatu asubuhi benchi lilikuwa limerudi kijiweni, na safari hii kiti cha kati kilikuwa na mwenyewe. Mama Tiketi alikuja kwa miguu yake, polepole, akaomba kahawa. Afisa alimkuta hapo. Sauti ilikuwa imemkauka.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Ulicheza vizuri.

— Mama, wewe peke yako ndiye uliyekaa. Inaishaje? Ngoma ilirudije?

— Ilirudi vizuri sana.

— Kwa baiskeli? Pedali alikuwa amepiga magoti.

— Baiskeli imo. Lakini siyo hivyo.

— Dhamana? aliuliza Wakili.

Mama Tiketi alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

— Shemeji, usitutese bwana!

— Nyie mlipokuwa ndani mnapiga kelele "Hiyo hapo", nani alikuja dirishani kuniuliza kama ninaona?

Kandili alichunguza soli ya kiatu chake.

— Mama, alisema Afisa, bila mwisho maelezo hayajakamilika. Yasipokamilika siwezi kufunga ombi, na ombi likiwa wazi ukumbi hauwezi kukabidhiwa bohari.

— Ndivyo kanuni inavyosema?

— Ndivyo.

— Kanuni nyingine ilinikalisha dirishani ujana mzima. Acha hii nayo ikae kidogo. Kahawa hii ni ya jana?

Muuza kahawa aliinamisha birika kumwongezea. Lilitoa tone moja, likakata.

— Basi itabidi ionyeshwe tena, alisema Afisa. Hakuonekana kama mtu aliyepata hasara.

— Itabidi, alisema Mama Tiketi.

— Na safari hii hakuna atakayesimama.

— Hakuna! tuliapa sote.

Mama Tiketi aligonga mkono wa kiti kwa kidole, mara mbili tu, vile wimbo wa mwisho unavyoanza. Tukatazamana. Kidoleni mwa Afisa, funguo zilikuwa zimeshaanza kulia.