Nyumba ya Liberatus Kalinga Penye Lango la Mfereji

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsindikiza ni Liberatus Kalinga, mlinzi wa lango la mfereji hapa Rujewa. Alizaliwa tarehe 3 Mei 1912 huko Wasa, Iringa, mtoto wa pili wa mzee Anania Kalinga. Alisoma Tosamaganga hadi darasa la nne, kisha akajifunza uashi. Hakujua haraka. Tofali likikaa upande kidogo alilitoa, hata kama wenzake wamekwishakwenda kula.

Mwaka 1938 alifunga ndoa na Severina, wakajaliwa binti mmoja, Paskalina. Mwaka 1951 alipata kazi hapa, kufungua na kufunga maji ya mashamba ya mpunga. Severina alibaki Wasa akimuuguza mama yake, na marehemu akaanza kujenga nyumba ya kumkaribisha.

Nyumba yenyewe mnaiona. Msingi ni mawe ya mtoni, kuta ni matofali ya kuchoma, vyumba viwili chini ya bati. Madirisha yote yanatazama maji, ili mwenyewe aone lango hata akiwa kitandani, na mlango unafungukia kibaraza chembamba juu ya mfereji. Upande wa njia aliweka ukuta mtupu, usio na hata tundu, kuzuia vumbi la ng'ombe. Chumba cha pili alikipaka chokaa, akatengeneza na kichanja cha vyombo vya mkewe. Machi 1955 akatuma salamu: "Mama Paskalina, nyumba imekwisha. Njoo."

Hakumwona. Mwanzoni aliwaambia wakulima, "Mke wangu yuko njiani." Baadaye akaacha kusema. Alikuwa mtu wa kupenda watu, lakini hapa alipika peke yake na kula peke yake. Watu walimwona ana maringo, naye aliona wamemtenga. Ilimuuma sana, na hakumwambia mtu.

Mwezi uliopita alishikwa na kichomi. Alikataa kwenda hospitali kwa sababu mpunga ulikuwa unachanua, na maji hayakuwa na mtu mwingine wa kuyaangalia. Tarehe 9 Aprili 1958 jirani yake, Sedekia, aliona maji yanafurika shambani, akafuata mfereji hadi langoni, akamkuta amekwishafariki.

Jana msibani ndipo mambo yalipojulikana. Sedekia alisema, "Mimi nimepiga hodi hapa mara nyingi, haitiki. Sasa nizunguke nyuma ya nyumba ya mtu, mimi mwizi?" Wengi wakasema hivyo hivyo. Kumbe wote walibisha upande wa ukuta mtupu, na kelele za maji zikameza sauti zao.

Hapo Severina akasema, "Na mimi nilikuja. Pasaka ya mwaka ule ule, na mzigo wangu kichwani. Nimepiga hodi mpaka sauti imekauka. Nikasema basi, Baba Paskalina amenikataa, nikarudi Wasa."

Asubuhi ya leo jeneza halikuweza kugeuka kibarazani, ikabidi vijana wabomoe ukuta wa njiani. Walipotaka kuingia kulibeba, Severina aliwazuia. Alisimama penye uwazi, akapiga hodi, akangoja kidogo, kisha akaingia.

Marehemu ameacha mjane, Severina, binti, Paskalina, na wajukuu wawili. Mwenyezi Mungu amfungulie, apate kupumzika kwake.