Zamu Yake

Kwenye basi, fundi cherehani alimwonyesha nesi aliyeketi naye picha ya meza ya kulia chakula, imejaa mazombi wadogo wa plastiki wa mchezo wa dadu. Nami nikachungulia, macho hayana pazia. Fundi akasema, "Hiki kisanamu chekundu ni mke wangu. Tulikuwa tunacheza, tunawakimbia mazombi, akaugua katikati ya mchezo. Akapelekwa hospitali, hakurudi."

"Pole, kaka. Mbona hujaukusanya mchezo ukauweka?"

"Zamu ni yake."

"Si umrushie dadu wewe?"

"Wamemzunguka. Nikirusha, ataliwa."

"Kaka, mtu keshazikwa!" Nesi mzima, nikajisemea, na ndiyo dawa aliyonayo. "Na watoto wenu," akaendelea, "wanakula chakula wapi?"

Basi likasimama. "Sakafuni," alisema fundi akishuka. "Mezani hawasogei, wasije wakamwangusha mama yao."